Kabla hamjaliuza gari la marehemu, ipimeni klachi

Barua nyingi zinazoletwa katika safu hii huuliza gari lipi linunuliwe. Ya wiki hii inauliza kama gari liuzwe, na kwa kuwa ndani yake mna haki za watoto, nimeitanguliza mbele ya nyingine zote.

Inatoka kwa dada yetu wa Soni, katika milima ya Usambara. Mumewe, Allah amrehemu, ameacha Toyota Hilux ya dizeli ya mwaka 1988, ile inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiilisha nyumba. Asubuhi hushusha kabichi na karoti hadi Mombo. Jioni hupandisha unga, sukari na mabati ya watu. Siku hizi anayeliendesha ni kijana wake mkubwa. Tangu mwezi uliopita gari limekuwa zito kupanda. Kijana akikanyaga mafuta injini hulia kwa nguvu, lakini mwendo hauongezeki, na wafikapo kwenye kona za juu hutoka harufu kama ya kitambaa kilichoungua. Fundi aliyeliona amesema giaboksi imekufa. Shemeji yake, kwa nia njema kabisa, amepata mnunuzi atakayelichukua kwa bei ya vyuma chakavu, ili fedha zigawanywe katika mirathi na shauri liishe. Dada yetu anauliza: je, akubali?

Kuhusu mgawo wa mirathi wapo wajuzi wa kuulizwa, nami si mmoja wao. Nitasema la chuma na mafuta. Mali haigawanywi kwa haki mpaka thamani yake ijulikane, na thamani ya gari hili bado haijajulikana, kwa sababu dalili zilizomo katika barua si za giaboksi hata kidogo.

Giaboksi ya mkono haiteleza. Ndani yake ni meno ya chuma yaliyoshikana na meno ya chuma: ama yameshikana na nguvu inapita, ama hayakushikana na haipiti. Jino likivunjika utasikia mgongano. Beringi ikichakaa utasikia mvumo. Gia ikilegea, mkono wa gia huruka wenyewe ukarudi katikati. Lakini injini kupandisha mzunguko huku gari likisuasua, tena pamoja na harufu ya kuungua, hiyo ni kazi ya kitu kinachosuguana. Na baina ya injini na giaboksi kitu kilichoundwa kisuguane ni kimoja tu, nacho ni klachi.

Kwa wasioijua, naieleza kwa ufupi. Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma liitwalo flaiwili, linalozunguka wakati wote injini inapowaka. Juu ya uso wake hukaa klachi pleti, sahani nyembamba iliyobandikwa pande zote mbili utando mgumu wa msuguano kwa ribiti. Sahani hiyo imevikwa kwenye shafti inayoingia katika giaboksi. Juu yake tena kuna presha pleti yenye springi ya nguvu, ambayo huibana sahani dhidi ya flaiwili. Zikibanwa, zinazunguka pamoja na gari linakwenda. Mguu ukikanyaga pedeli, mafuta yanasukumwa kutoka masta silinda hadi silinda ndogo iliyo pembeni ya giaboksi. Silinda hiyo inasukuma uma, uma unasukuma rilizi beringi, beringi inagandamiza vidole vya springi, na sahani inaachiwa. Kila mara sahani inaposhikwa na kuachiwa, utando wake hupungua unyoya mmoja. Baada ya miaka mingi ya kona za Soni, springi haina tena cha kubana.

Zipo kasoro mbili za klachi zinazopingana, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuteleza: klachi haishiki. Ya pili ni kutoachia: mguu umefika chini lakini sahani bado inazungushwa na injini, kwa hiyo gia inakwaruza, hasa ya kwanza na ya kurudi nyuma. Tiba zake hazifanani. Anayetibu ya pili kwa kununua sahani mpya huenda akatupa fedha, maana aghalabu ugonjwa wake ni mafuta yaliyovuja au hewa iliyoingia katika bomba. Kuitambua ni rahisi. Zimeni injini, ingizeni gia zote moja baada ya nyingine. Kisha washeni injini, kanyageni pedeli hadi mwisho, ingizeni tena. Zikiingia vizuri injini ikiwa imezimwa na kukwaruza ikiwa inawaka, giaboksi haina kosa kubwa, klachi haiachii. Na kama kuipiga pedeli mara tatu nne mfululizo kunaleta nafuu, basi tafuteni hewa au raba iliyochakaa ndani ya silinda kabla ya kutafuta kitu kingine chochote.

Tatizo la dada yetu linaonekana kuwa la kwanza, nalo lina vipimo vyake visivyogharimu hata senti. Gari liwekwe mahali tambarare, pasipo mtu mbele wala nyuma, watoto wawe ndani ya nyumba. Breki ya mkono ivutwe hadi mwisho. Injini ikiwa imepata joto, iingizwe gia ya nne, mafuta yaongezwe kidogo, na pedeli ya klachi iachiwe pole pole, mguu wa kulia ukiwa tayari kuhamia kwenye breki. Klachi nzima itaizima injini papo hapo. Klachi iliyokwisha itaiacha injini iendelee kuwaka kana kwamba hakuna lililotokea. Lifanyeni mara moja, mkilazimika mara mbili, basi. Kila jaribio huichoma sahani zaidi.

Kipimo cha pili ni cha barabarani. Kwenye sehemu iliyonyooka na tupu, gari likiwa katika gia ya juu na mwendo wa wastani, kijana akanyage mafuta hadi chini. Sauti ya injini ikipanda ghafla na mwendo ukabaki ulipo, shauri limekwisha.

Lakini msikimbilie dukani. Kwanza mtu akanyage pedeli kwa mkono, si kwa mguu. Mwanzoni kabisa pawe na nafasi ndogo ya kulegea kabla ya kukutana na uzito; katika Toyota za namna hii ni milimita 5 hadi 15 juu ya pedeli. Nafasi hiyo ikiwa haipo, yamkini rilizi beringi inaigandamiza springi muda wote, na klachi nzima itateleza kama iliyokwisha. Marekebisho yake ni nati moja chini ya dashibodi. Nimeona magari yaliyofunguliwa giaboksi kwa sababu ya nati hiyo.

Pili, inamieni chini mtazame pale injini inapoungana na giaboksi. Pakiwa pamelowa oili, kuna sili iliyokufa: ama ya nyuma ya injini, ama ya mbele ya giaboksi. Oili ikifika kwenye sahani, utando hauwezi kushika hata ukiwa mpya wa jana. Fundi atakayeweka sahani mpya bila kubadili sili iliyovuja anawauzia kazi ileile mara mbili.

Na beringi? Hapa ndipo fundi wa kwanza huenda alipopotea, nami simdhanii ubaya. Injini iwashwe, gia iwe huru, mtu asikilize. Kelele ikitokea mguu unapokanyaga pedeli, ni rilizi beringi, ambayo hubadilishwa pamoja na klachi. Kelele ikiwepo mguu ukiwa juu, kisha ikatoweka unapokanyaga, ni beringi ya shafti ya kuingilia katika giaboksi. Hapo giaboksi ina neno kweli, na neno lenyewe ni beringi moja, wala si giaboksi nzima. Mwambieni fundi awasikilizishe, nanyi msikilize pamoja naye. Fundi mwaminifu hachukii kuombwa aonyeshe.

Tuseme vipimo vimethibitisha kuwa klachi imekwisha. Katika Hilux kuukuu kazi hii ni ya siku moja kwa fundi mzoefu na msaidizi wake. (Corolla za kuanzia mwaka 1983, zinazovutwa na magurudumu ya mbele, zina taabu zaidi, kwa kuwa hapana budi shafti za magurudumu zitolewe kwanza.) Ugumu hauko kwenye klachi yenyewe, uko kwenye kuifikia, kwa maana giaboksi lazima ishushwe. Ndiyo maana nasisitiza jambo la ununuzi: msinunue sahani peke yake. Nunueni klachi pleti, presha pleti na rilizi beringi kwa pamoja, na ile beringi ndogo iliyomo mwishoni mwa krenki shafti, ambayo bei yake ni ndogo mno. Ujira wa kushusha giaboksi ni uleule mkibadili kimoja au vyote vinne. Beringi ya kale ikilia baada ya miezi miwili, mtalipa ujira wote upya.

Vya kutumika, vilivyotolewa kwenye magari mengine, mimi siviafiki katika klachi. Mlango wa kutumika, taa ya kutumika, hata giaboksi ya kutumika, sawa. Lakini sahani ya klachi ni kitu kinachouza maisha yake kwa kusuguka, na hakuna ajuaye aliyetangulia alibakisha kiasi gani. Nendeni dukani na sahani ya zamani mkononi: pimeni upana wake kwa ile mpya, hesabuni meno ya tundu la katikati, yalingane. Jina la gari juu ya boksi halitoshi, kwani Hilux za mwaka mmoja zilitoka na injini mbalimbali na klachi za vipimo mbalimbali.

Sasa nisimame kidogo mahali ambapo mafundi wetu wengi hupapita mbio.

Gari likiinuliwa, jeki peke yake si kitu cha kumlazia mtu chini yake. Jeki ni ya kuinulia. Cha kushikilia ni stendi za chuma, mbili kwa uchache, juu ya ardhi ngumu, na magurudumu yaliyobaki chini yazibwe kwa vigingi. Tofali la saruji hupasuka bila onyo. Soni ni mahali pa miteremko, basi itafutwe sakafu iliyo sawa, hata kama ni kuomba uwanja wa jirani. Nyumba hii imekwisha kuzika mtu mmoja mwaka huu.

La pili ni vumbi. Utando wa klachi za zamani ulitengenezwa kwa asbesto, madini yenye nyuzi zisizoungua. Nyuzi hizo zikivutwa pamoja na hewa hukaa mapafuni, na maradhi yake, saratani ikiwemo, hujitokeza baada ya miaka 20, 30, hata 40. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikamilisha marufuku yake mwaka 2005, lakini gari la mwaka 1988 lilizaliwa kabla ya hapo, wala hakuna anayejua ni sahani gani ilivishwa tangu wakati huo. Kwa hiyo vumbi jeusi lililojaa ndani ya kifuniko cha giaboksi lichukuliwe kuwa ni la asbesto. Lisipulizwe kwa upepo wa kompresa, lisipigwe pigwe, lisifagiliwe kavu. Lilowanishwe kwa maji ya kunyunyizia, lifutwe kwa kitambaa kibichi, na kitambaa kifungwe ndani ya mfuko pamoja na sahani ya zamani.

Akina mama, hili linawahusu zaidi kuliko nati na spana. Imeandikwa vya kutosha katika tiba kwamba wake na watoto wa wafanyakazi wa asbesto waliugua bila kuingia kiwandani hata siku moja. Vumbi liliwafuata nyumbani katika nguo. Ovaroli ya fundi au ya kijana aliyesaidia kazi hii isikung'utwe mlangoni, isichanganywe na nguo za mtoto, iloweshwe kwanza na kufuliwa peke yake. Naye mwenyewe aoge kabla ya kumpakata mdogo wake.

Turudi chini ya gari. Waya wa hasi wa betri hutolewa kwanza. Oili ya giaboksi hukamuliwa, la sivyo itamwagika yote propela shafti itakapotoka. Shafti hiyo itiwe alama kwa rangi pale inapoungana na ekseli, irudishwe vilevile ilivyokuwa, isije ikaleta mtetemo. Mkono wa gia hutolewa kutokea ndani ya kabini, starta hufunguliwa, waya wa spidi na wa taa za kurudi nyuma huchomolewa. Ile silinda ndogo ya klachi ifunguliwe boliti zake na kuning'inizwa kwa waya pamoja na bomba lake. Hakuna haja ya kulikata bomba, na mtu yeyote asiguse pedeli mpaka irudishwe. Injini iegemezwe kwa chini, ndipo krosimemba na boliti zinazoifunga giaboksi zitolewe, na giaboksi ivutwe nyuma ikiwa imenyooka. Ni chuma kizito, chahitaji jeki yake au wanaume wawili watatu. Kosa kubwa ni kuiacha ining'inie kwa shafti yake ingali ndani ya sahani; uzito huo hupinda sahani, na mpya ikipindwa siku ya kufungwa gari litatetemeka kila linapoondoka.

Klachi ikishaonekana, dada yetu au mmoja wa warithi awepo. Atazame ribiti. Vichwa vyake vinapaswa kuwa vimezama chini ya uso wa utando. Toyota huihesabu sahani kuwa imekwisha kina kikibaki milimita 0.3. Vichwa vikiwa sawa na uso, au vimekwisha kuchora mifereji juu ya flaiwili, ushahidi umepatikana kwa macho. Flaiwili yenye mifereji, nyufa ndogo au madoa ya bluu ya kuungua ipelekwe kwa mkerezaji wa vyuma isawazishwe. Yenye nyufa kubwa ibadilishwe. Wakati huohuo sili zitazamwe, na giaboksi, maadamu iko chini, izungushwe shafti yake kwa mkono: isikwaruze, isitikisike kupita kiasi. Hapo ndipo hukumu ya giaboksi inapotolewa, ikiwa wazi mbele ya watu, na pengine shemeji naye aitwe ashuhudie.

Katika kufunga, mambo matatu. Sahani ina mbele na nyuma. Katika nyingi upande wenye kitovu kilichochomoza hutazama giaboksi, nao huandikwa. Ikigeuzwa, gari halitaachia gia, na kazi yote irudiwe. Sahani iwekwe katikati barabara kwa kifaa chake, au kwa shafti ya giaboksi nyingine kuukuu, kabla boliti za presha pleti hazijakazwa. Nazo zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana, si kumaliza moja na kwenda nyingine. Na grisi: ni utelezi mwembamba tu kwenye meno ya shafti, ubaki ukafutwe. Nimeona fundi akipaka kama anayesiliba ukuta; grisi hiyo yote itarushwa kwenye utando mpya. Mikono iwe safi, sahani ishikwe ukingoni.

Giaboksi ijazwe oili kabla ya yote. Mafuta ya klachi katika kikopo chake, ambayo ni yaleyale ya breki, yakiwa yamegeuka meusi yabadilishwe na hewa itolewe. Yasiangukie bodi, kwani huila rangi. Pedeli ipimwe tena ule ulegevu wake. Kisha kijana asirudi kwenye mzigo kamili siku ya pili. Kwa kilomita mia kadhaa za mwanzo apande na nusu mzigo, aondoke kwa gia ya kwanza na si ya pili, na kwenye mteremko alishikilie gari kwa breki, wala si kwa klachi iliyoshikwa nusu. Mguu wa kushoto, asipobadili gia, ukae sakafuni. Baada ya wiki moja ainame tena chini atazame pale giaboksi inapoungana na injini. Akikuta oili mbichi, gari lirudi kwa fundi kabla halijapandisha mzigo mwingine.